Fedha Zifike Kabla ya Maumivu

Waheshimiwa mnaopanga mafungu ya afya, wauguzi na matabibu wenzangu, walimu, na ninyi wazazi mliokuja na watoto wenu: nashukuru kwa nafasi hii.

Mimi ni tabibu wa meno. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye vituo vya afya vya vijijini, na mkifungua madaftari yangu ya miaka yote hiyo mtakuta neno moja limejaa kila ukurasa: kung'oa. Nimeombwa nizungumze kuhusu fedha za afya vijijini na huduma ya meno kwa watoto. Nitaanza na mtoto mmoja, kwa sababu karibu yote ninayoyajua kuhusu bajeti niliyasoma kinywani mwake.

Alikuwa na miaka saba. Shavu la kulia lilikuwa limevimba hadi jicho la upande ule likawa linajifumba. Mama yake, kabla sijauliza lolote, aliniambia, "Daktari, ling'oe tu. Hilo ni la utoto, litaota jingine." Nikawasha tochi, nikaingiza kioo, nikahesabu kutoka katikati kwenda nyuma: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Yote mabichi ya utoto. Lililotoboka lilikuwa la sita, limebaki kuta tu kama kikombe kilichopasuka. Nikahesabu tena nikitamani niwe nimekosea.

Meno ya utoto ni matano kila upande, juu na chini. La sita si la utoto. Ni gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya mengine, na kwa kuwa halimwangushi mwenzake, hakuna pengo, hakuna damu, hakuna anayeshtuka. Wazazi wengi hawajui kama limeota. Hujipenyeza kimya, lina mabonde mapana ya kutafunia ambayo mswaki wa mtoto haufiki vizuri, na ndilo linalowahi kuoza. Lile la mtoto huyu lilikuwa na mwaka mmoja na kidogo kinywani. Lilitakiwa limtumikie maisha yake yote.

Ilinibidi nimweleze mama. Alikaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa kwa nini hamkuniambia?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuwahi kumleta. Lakini alikuwa na kadi ya kliniki mkononi, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nikaifungua. Chanjo zote zilikuwa zimepigwa mhuri. Uzito ulipimwa karibu kila mwezi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Mama huyu alikifikia kituo chetu zaidi ya mara thelathini, kwa miguu, akiwa na mtoto mgongoni, kisha akimshika mkono. Mara zote hizo hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyemwambia mtoto yule, "Achama."

Jino nililing'oa. Nilikuwa na ganzi, sindano na koleo, na dawa ya kuua vijidudu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kile ambacho kingelilinda miezi mingi nyuma, lilipokuwa na doa tu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kituo kilipata koleo kikakosa vanishi, dawa ya kupaka inayokinga jino lisioze. Jibu lilikuwa kwenye daftari lenyewe. Kung'oa kuna safu yake. Kunahesabiwa, kunapelekwa juu kwenye taarifa ya mwezi, kunaombewa fedha, na fedha zikija zinanunua ganzi nyingine. Jino ambalo halikuoza halina mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo halina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti. Kwa hiyo halina mtu.

Hicho ndicho kilichonileta hapa leo. Tumepanga fedha zetu zifike baada ya maumivu, kisha tunashangaa kwamba watoto wetu wanafika kwetu wakiwa na maumivu.

Naomba dakika chache nieleze jino linavyooza, maana bila hilo hoja ya fedha haieleweki. Kwenye meno kuna utando laini wenye vijidudu. Vijidudu vikipata sukari hutoa tindikali, na tindikali hunyonya madini ya jino. Mate nayo hufanya kazi ya kuyarudisha. Ni vuta nikuvute ya siku nzima. Mtoto anayepata kitu kitamu mara moja baada ya mlo, mate yake yanashinda. Anayenyonya na kumumunya vitu vitamu asubuhi hadi jioni, au anayelala na chupa yenye kinywaji kitamu mdomoni, mate hayapati nafasi. Alama ya kwanza ni mstari mweupe kama chaki, karibu na fizi, mara nyingi kwenye meno ya mbele ya juu. Ukiinua mdomo wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu unauona kwa macho.

Na mstari ule unaweza kurudi nyuma. Jino likipata floraidi, madini yanayoliimarisha, na sukari ikapungua, linakaza tena bila kuchimbwa wala kuzibwa. Hapo ndipo mlango ulipo wazi, miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Tundu likishafunguka, mlango umefungwa; kinachofuata ni kuziba, na tukichelewa zaidi ni koleo. Mtoto hasikii chochote mlango ukiwa wazi. Maumivu huanza ukishafungwa. Ndiyo maana huduma inayongoja maumivu itachelewa siku zote, hata tuiongezee fedha kiasi gani.

Jambo hili si la kijiji kimoja wala nchi moja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Katika nchi tajiri kama Uingereza, meno yaliyooza yamekuwa kwa miaka mingi sababu ya kwanza ya watoto wa miaka mitano hadi tisa kulazwa hospitali. Wanalazwa wapewe usingizi ndipo wang'olewe.

Sasa, kwa nini kinywa kiliachwa nje? Kuna jimbo moja la Marekani, Maryland, ambalo historia yake inaonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu.

Mwaka 1840, mjini Baltimore, kilifunguliwa chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno. Kilikuwa chuo kizuri na kilifundisha watu kazi. Lakini kilisimama peke yake, mbali na chuo cha udaktari wa mwili. Dunia ikafuata mfano ule. Tangu hapo kinywa kina chuo chake, bima yake, ofisi yake na mfuko wake, na mwili una vyake. Aliyepanga hivyo hakuwa na nia mbaya. Lakini kila tunapopanga bajeti ya afya, kinywa kinasubiri nje ya mlango kwa sababu ya ukuta uliojengwa karibu miaka mia mbili iliyopita.

Katika jimbo hilohilo, tarehe 25 Februari 2007, alifariki mvulana wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver. Alikuwa na jino lililooza. Vijidudu vilienea kutoka kwenye jino hadi kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akakaa hospitali kwa wiki kadhaa. Magazeti ya kwao yaliandika kwamba kuling'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80. Matibabu yake ya mwisho yalikadiriwa kufikia robo milioni ya dola. Familia yake ilikuwa imewahi kuwa na bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ambayo kwa sheria inawahudumia watoto meno. Lakini madaktari wa meno waliokubali bima ile walikuwa wachache, na mama yake alikuwa akihangaika kumtafutia mdogo wake Deamonte daktari, kwa kuwa huyo ndiye aliyelalamika zaidi. Baadaye, mwaka 2009, Bunge la Marekani lilifanya huduma ya meno kuwa lazima katika mpango wake wa bima ya watoto.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi. Kinachoniuma kila mara ni kwamba mtoto yule hakukosa haki. Haki ilikuwepo, imeandikwa. Alikosa mlango wa kuipeleka. Nawaombeni sana mnaposhughulikia bima mlikumbuke hilo: kadi mkononi mwa mama, mahali ambapo hakuna tabibu wa meno umbali wa siku nzima, ni karatasi.

Na jimbo la Maryland hilohilo likatupa pia somo la tatu, la namna ya kulipa. Kuanzia mwaka 2010, hospitali zake kadhaa za vijijini ziliacha kulipwa kwa kila mgonjwa na kila kipimo. Zikawekewa kiasi maalumu cha mwaka mzima, kinachojulikana mapema, wagonjwa wawe wengi au wachache. Ghafla hospitali ikawa na sababu ya kumtembelea mgonjwa nyumbani asirudi wodini, kwa sababu wodi tupu haikuwa tena hasara.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo vituo vyetu vya vijijini vinapofia.

Kituo cha kijijini kina gharama zisizoangalia idadi ya watu. Muuguzi wa zamu ya usiku analipwa hata kama usiku ule hakugonga mtu. Jokofu la chanjo linakula umeme uleule likiwa na dozi kumi au mia tano. Paa likivuja, linavuja kwa wote. Mjini gharama hizo zinagawanywa kwa maelfu. Kijijini zinagawanywa kwa mia chache. Ukisema utakilipa kituo kwa idadi ya huduma kilizotoa, au kijiendeshe kwa makusanyo yake, umekwisha kukihukumu. Kitaanza kukata kile kinachoonekana kinaweza kusubiri. Na kati ya uzazi, malaria, kisukari na meno, nani atakayesubiri? Sisi wa meno tunajua jibu. Siwalaumu wanaoamua hivyo. Mwenye kituo akiwa na fedha za kuchagua kimoja, akachagua mama anayejifungua, nami ningechagua hivyo.

Kwa hiyo siombi kinywa kishindane na uzazi. Naomba tuache kuwashindanisha. Kituo kipewe kiwango cha chini cha fedha za uendeshaji ambacho hakiguswi na idadi ya wagonjwa: fedha za kuwa wazi, fedha za kuwepo. Ziingie kwenye akaunti ya kituo chenyewe moja kwa moja. Na zije kwa wakati. Nasema hili la wakati kwa sababu tumezoea kupiga makofi bajeti inapopitishwa, lakini sisi wa chini tunajua tofauti kati ya fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa. Fedha za mwaka zikifika katika robo ya mwisho, hazinunui kinachohitajika, zinanunua kinachopatikana haraka ili hesabu zifungwe.

Niliwahi kupangiwa kituo kimoja, nikaambiwa kwa furaha kwamba kina kiti cha meno kipya. Ni kweli kilikuwepo. Kilikuwa kimefunikwa shuka la wodi. Nilipolivuta shuka nikakuta juu yake maboksi ya dripu yamepangwa hadi kwenye taa. Mtambo wa hewa wa kuendesha mashine ya kuchimba meno ulihitaji umeme ambao kituo hakikuwa nao, na hakuna aliyeweka fungu la fundi, vipuri wala mafuta ya jenereta. Kiti kile kilikuwa na thamani ya kuajiri mtu kwa miaka. Kilipokelewa kwa sherehe, kikawa rafu.

Sikusimulia hayo ili kudharau msaada wa mtu. Nasimulia kwa sababu mengi yanayomfaa mtoto wa kijijini hayahitaji kiti kile. Katikati ya miaka ya 1980, hapo Tanzania, walianza kutumia njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme: unasafisha tundu kwa vifaa vya mkono, kisha unajaza kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi polepole. Mtoto analala juu ya benchi la darasa, kichwa kwenye mto. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hiyo imeenea duniani. Kisha kuna dawa ya majimaji yenye floraidi na madini ya fedha (silva), tone moja linalopakwa kwenye tundu likasimamisha uozo hapohapo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo, saruji ile na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Ziko kwenye orodha moja na ganzi yangu na dawa za malaria. Basi ziagizwe kama dawa nyingine, kupitia bohari zilezile.

Niseme ukweli wote kuhusu hilo tone: linaacha weusi kwenye tundu, na weusi ule hautoki. Mzazi lazima aambiwe kabla, aonyeshwe picha, na akikataa asilazimishwe. Wengi wakishaelewa kwamba badala yake ni koleo, wanakubali, hasa kwa meno ya nyuma.

Tukija kwenye mikono ya kufanya kazi hiyo, tusijidanganye kwamba tutapata daktari wa meno kwa kila kata. Hatuna haja ya kumngoja. New Zealand waliliona hili mapema. Mwaka 1921 walianza kufundisha wauguzi wa meno kwa miaka miwili, wakawapeleka mashuleni kuwatibu watoto. Zaidi ya miaka 80 baadaye, wenyeji wa Alaska, jimbo la Marekani ambako kuna vijiji visivyofikika kwa barabara, waliwatuma vijana wao New Zealand kujifunza kazi hiyo, wakarudi kuhudumia kwao. Chama cha madaktari wa meno kilikwenda mahakamani kuwazuia. Mwaka 2007 kikashindwa, na vijana wakaendelea na kazi.

Nawaheshimu madaktari wa meno. Wao ndio walionifundisha, na kesi ngumu bado nazipeleka kwao. Lakini mtoto wa kijiji asiye na daktari hachagui kati ya tabibu na daktari. Anachagua kati ya tabibu na usiku wa maumivu. Mfundisheni kijana wa hapohapo, aliyezaliwa anakijua kile kivuko na lile daraja. Mlipeni kwa wakati, mpeni nyumba inayofungika. Huyo atabaki.

Na akishapatikana, asikae kituoni kungoja. Watoto tunajua waliko. Chini ya miaka mitano wako kwenye kliniki ya chanjo. Juu ya hapo wako shuleni. Muuguzi anayemchanja mtoto aweze kuinua mdomo wa juu, akatazama, akapaka vanishi ya floraidi kwa brashi ndogo. Ni kazi ya dakika mbili au tatu, na hujifunza kwa siku chache. Lakini najua kuna wauguzi humu wanaoniangalia kwa macho ya uchovu, na wana haki. Dakika tatu kwa mtoto mmoja si kitu. Dakika tatu kwa watoto sitini ni asubuhi nzima, na muuguzi huyohuyo anapima uzito, anachanja na anaitwa kwenye chumba cha kujifungulia. Tukiwaletea vanishi bila kuwaletea mtu wa pili siku ya kliniki, tumewaonea. Kwa hiyo katika hesabu zenu andikeni mtu kwanza, kisha dawa.

Shuleni mambo ni rahisi zaidi, na hapa nina mfano ninaoupenda. Scotland walianzisha utaratibu wa watoto wadogo kupiga mswaki kila siku katika shule za awali, mwalimu akisimamia. Kila mtoto ana mswaki wake wenye alama yake, unatundikwa kwenye kishikio chake. Watafiti walipopiga hesabu, waliona kwamba ilipofika mwaka wa nane fedha zilizookolewa kwenye matibabu zilizidi mara mbili ya gharama ya mpango wenyewe. Angalieni: mwaka wa nane. Faida haikuonekana bajeti ileile wala uchaguzi uleule. Anayepanda hapa lazima akubali kwamba huenda atakayevuna ni mwingine aliyekalia kiti chake. Nalisema hili kwa heshima mbele ya waheshimiwa, kwa sababu najua ni jambo gumu kuliombea kura.

Walimu wakaniuliza, tunaanzaje bila bomba la maji? Kikombe kimoja kwa kila mtoto kinatosha. Tena wakimaliza watoto wateme tu, wasisukutue, ili floraidi ibaki. Kiasi cha dawa ya meno kwa mtoto asiyetimiza miaka mitatu ni kama punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Zaidi ya hapo ni kupoteza, na mtoto anaimeza.

Wapo wanaosema floraidi iwekwe kwenye maji, tumalize. Mji wa Grand Rapids huko Marekani ulianza hivyo mwaka 1945, na meno ya watoto yalionyesha tofauti. Lakini hilo linahitaji mtambo mmoja unaosambaza maji kwa wote. Vijiji vyetu vinakunywa visima, mito na mvua. Tena kuna maeneo ambako ardhi yenyewe ina floraidi nyingi kupita kiasi, juu ya ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto yanabadilika kuwa ya kahawia. Huko kinachotakiwa ni kuipunguza. Kwa hiyo maji yapimwe kwanza, kila chanzo kwa chanzo chake. Gharama ya kupima ni ndogo, naomba nayo iingie.

Fedha zitoke wapi? Sina jibu kwa kila mfuko, ila chanzo kimoja ni cha haki kabisa: kodi ya vinywaji vyenye sukari. Mexico waliianza mwaka 2014. Uingereza na Afrika Kusini waliianza 2018. Uingereza waliipanga kwa kiwango cha sukari, na makampuni mengi yakapunguza sukari kwenye chupa kabla hata kodi haijaanza. Watafiti walikadiria baadaye kwamba kulazwa kwa watoto na vijana kwa ajili ya kung'olewa meno yaliyooza kulikuwa kumepungua kwa takriban asilimia 12 kuliko ambavyo kungekuwa bila kodi ile. Kodi ya namna hii inafanya kazi mara mbili, lakini kwa sharti kwamba sehemu yake irudi kwenye kinywa cha mtoto. Ikiingia kwenye mfuko mkuu bila alama, itapotelea humo, na bidhaa itabaki imepanda bei kwa maskini bila vanishi kuja.

Ninyi mnaopanga, naomba niwaachie jambo moja dogo la karatasi, kwa sababu nimeona karatasi inavyoamua mambo. Kwenye daftari la kliniki na kwenye taarifa ya mwezi, ongezeni safu moja: watoto wa miaka sita na saba waliotazamwa, magego yao ya kwanza yakakutwa mazima. Siyo waliong'olewa. Waliokutwa wazima. Kituo kiulizwe namba hiyo kila robo mwaka, na sehemu ya fedha zake iambatane nayo. Siku safu hiyo itakapokuwepo, mganga mkuu atauliza kwa nini iko tupu, atanitafuta mimi au mwenzangu, atatuuliza tunahitaji nini. Sasa hivi hakuna anayeuliza, kwa sababu hakuna nafasi ya kuandika jibu.

Yule mtoto wa miaka saba nilimwona tena miaka miwili baadaye. Alikuja na mama yake na mdogo wake wa kike, wa miaka mitano na nusu. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Mama alinisimamisha nje ya mlango, akamshika yule mdogo kidevu, akamwambia, "Achama daktari aone." Kisha akanionyesha kwa kidole chake mwenyewe, nyuma kabisa kulia, ncha nyeupe ndogo iliyoanza kutoboa fizi. Alikuwa ameiona nyumbani, kwa mwanga wa tochi. Siku hiyo nilikuwa na vanishi, ya kuazima kutoka kituo kingine. Nikampaka.

Wazazi mliokuja na watoto wa umri huo, nimebeba tochi mbili na vioo vya kutosha. Nitakaa pale kwenye kivuli karibu na mlango, na wauguzi wawili wamekubali kunisaidia. Waheshimiwa nao wakipenda kutazama, karibuni; tutawaonyesha pa kuanzia kuhesabu.